Maudhi ya Dawa na Amana ya Mwili



 Mwezi huu twaliweka kando lile somo la haki za jirani tulilokuwa tukiliendesha, kwa sababu tumeulizwa swali lisilongoja. Mama mmoja wa huku kwetu Kyela alitujia baada ya sala ya Alasiri, akasimama mlangoni mwa madrasa, akasema: "Shikamoo, Maalim. Mwanangu amepewa vidonge vya kifua kikuu hospitali. Tangu aanze kuvinywa mkojo wake umekuwa mwekundu, chakula hakikai tumboni, na viungo vyamuuma. Majirani waniambia dawa hiyo yamkausha damu. Je, nimwachishe?"

Tulimjibu: "La, mama, usimwachishe. Lakini usinyamaze pia. Kesho asubuhi tutakwenda pamoja kwa yule aliyempa." Na jibu hilo, ndugu zetu, ndilo tutakalolieleza katika ukurasa huu. Wengi wetu hudhani kwamba mtu anayeudhiwa na dawa ana njia mbili tu: ama aitupe, ama avumilie kimya kimya. Ipo njia ya tatu iliyo bora kuliko zote mbili, nayo ni kusema, tena kusema mapema, tena kumwambia mwenye ujuzi wake.

Huenda msomaji akauliza: Maalim wa chuoni ana habari gani na vidonge vya hospitali? Swali hilo ni la haki. Sisi si matabibu, wala elimu yetu si ya huko. Haya tuyaandikayo tumeyachukua kwa wenye kuyajua, na tuliyatafuta baada ya kukosa. Tutalieleza kosa lenyewe, ijapokuwa latuaibisha, maana aibu ya mwalimu ni nyepesi kuliko hasara ya mwanafunzi.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 tulikuwa na kijana wa miaka 17, mpole, msomaji mzuri, ambaye nyumba yao i katika mashamba ya mpunga kati ya mji na ziwa. Alikohoa wiki nyingi, akakonda, akawa akitoka jasho usiku hata shuka kuloa. Alipopimwa makohozi alikutwa na kifua kikuu, akapewa vidonge, akaambiwa avinywe kila siku kwa miezi 6 bila kukosa. Akaanza. Siku ya kwanza tu aliona mkojo wake umekuwa kama maji ya machungwa mabivu, akatishika. Kisha kichefuchefu kikamshika kila asubuhi, na magoti yakawa yakimuuma. Hakumwambia baba yake, aliyekuwa ziwani akivua usipa. Hakumwambia mama yake, kwa kumwonea huruma. Wala hakutuambia sisi, kwa haya.

Ikaingia Ramadhani ya mwaka 1445, katikati ya mwezi wa Machi. Kijana alikuwa ametimiza kama miezi miwili ya dawa, na kikohozi kilikuwa kimekwisha. Akanuia kufunga. Vidonge akavificha ndani ya gunia la mpunga. Siku chache hazikupita mkojo ukawa safi, kichefuchefu kikaondoka, akawa akifuturu kwa hamu. Akaamini kwamba amepona. Nasi tulipomwona amechangamka, tulimsimamisha mbele ya wenziwe, tukasema: "Mtazameni mwenzenu. Juzi alikuwa mgonjwa, leo saumu imemponya." Tulisema neno lile kwa furaha, bila kuuliza lolote. Wala hatukujua kwamba kwa neno lile tulimfungia mlango wa kusema kweli, maana ni kijana gani atakayesimama baada ya sifa kama zile akatoboa kwamba ameficha dawa?

Baada ya Idi akafuatana na baba yake kwenye kambi ya wavuvi. Masika ya huku kwetu mwayajua: mito ya Kiwira na Mbaka hujaa, mashamba yakawa kama ziwa la pili, na njia zikakatika. Mhudumu aliyetumwa kumtafuta alikuta mlango umefungwa. Ilipofika Mfunguo Tatu kijana alirudishwa kwa mtumbwi akikohoa damu. Na dada yake mdogo wa miaka 4, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, alikuwa na homa isiyokwisha na amekonda. Naye alipopimwa alikutwa na maradhi yale yale.

Tulikwenda kumtazama hospitali. Muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo, alitusikiliza tulipokuwa tukijilaumu, kisha akasema maneno ambayo tangu siku ile hatujayasahau: "Maalim, kijana huyu asingeacha dawa, kama mtu mmoja anayemheshimu angalimwuliza kila siku: Dawa yakufanyaje?"

Basi hilo ndilo swali tunalotaka liingie katika kila nyumba yenye mgonjwa. Tumezoea kuuliza, "Umekunywa dawa?" Mgonjwa hujibu, "Ndiyo," na mazungumzo hukoma hapo. Lakini swali la "Dawa yakufanyaje?" humpa mgonjwa ruhusa ya kusema yanayomsumbua kabla hayajamshinda.

Sasa na tuyaeleze mambo yenyewe kwa mpango wake.

Dawa za kifua kikuu ni katika zile ziitwazo antibiotiki, yaani dawa za kuua au kudhoofisha vijidudu viletavyo maradhi. Siku hizi mtu mzima hupewa dawa 4 zilizounganishwa katika kidonge kimoja kwa miezi 2 ya kwanza: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Kisha huendelea na 2, rifampisini na isoniazidi, kwa miezi 4. Idadi ya vidonge hufuata uzito wa mgonjwa, ndiyo maana hupimwa kwenye mizani kila aendapo.

Kwa nini miezi 6, na hali kikohozi hukoma mapema? Mkulima wa mpunga wa Kyela ataelewa upesi. Yajua magugu yaitwayo ndago: ukikata majani yake, shamba laonekana safi, lakini punje zake zimelala chini ya udongo zikingoja. Vijidudu vya kifua kikuu ni hivyo hivyo. Wiki za kwanza dawa huwaua wale walio macho, na mgonjwa hupata nafuu; lakini wamebaki waliolala, na hao huuawa polepole. Mwenye kuacha katikati amekata majani tu. Na lililo baya zaidi, vijidudu vilivyoonja dawa kidogo vikabaki hai huweza kujifunza kuishinda. Hapo maradhi huwa sugu, na dawa zake huwa nyingine, zenye maudhi makubwa kuliko hizi. Tanzania ilipoanza kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu sugu, mwaka 2009, walipelekwa Kibong'oto, kule Kilimanjaro, ambako kutoka hapa Kyela ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Siku hizi huduma hiyo imesogezwa karibu zaidi, lakini uzito wa maradhi yenyewe haukupungua.

Na yatupasa tujue kwamba miezi hii 6, ambayo vijana wetu huiona mirefu, ni neema iliyonunuliwa kwa taabu za watu waliotutangulia. Zamani mgonjwa alitibiwa mwaka mzima au mwaka na nusu, na kwa wengi ilikuwamo sindano ya streptomisini, dawa iliyopatikana katika miaka ya 1940, ambayo iliweza kuharibu masikio na kumtia mtu kizunguzungu. Rifampisini nayo asili yake ni kijidudu kilichopatikana katika udongo wa msitu wa misonobari kusini mwa Ufaransa, na wataalamu wa Italia wakaitoa dawa yake ya kwanza mwaka 1957. Tazameni hekima ya Mola wetu: mwanadamu ameumbwa kwa udongo, na dawa ya kifua chake ikatoka udongoni.

Kisha kuanzia mwaka 1970 wagonjwa wa Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia walishiriki katika majaribio makubwa, yaliyofanywa na matabibu wa Afrika Mashariki pamoja na Waingereza, kuona kama matibabu yaweza kufupishwa hata yawe miezi 6. Ikaonekana yawezekana. Mwaka 1977 nchi yetu ikaanzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, akishauri Dakta Karel Styblo, na njia iliyotumika hapa, ya kumsimamia mgonjwa na kuandika habari zake mpaka amalize, ikawa mfano uliofuatwa na dunia katika miaka ya 1990. Kwa hiyo kijana wa Kyela anapokunywa vidonge vyake mbele ya msimamizi, asidhani ameletewa jambo geni la kumdhalilisha. Jambo hilo lilikomaa katika nchi yake mwenyewe.

Sasa twarudi kwenye maudhi. Tumefundishwa kuyagawa mafungu matatu, nasi twawaomba mama na baba wayashike.

Fungu la kwanza ni maudhi yasiyo na dhara. Hayo ni ile rangi. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa machungwa au mwekundu, na pengine jasho, mate na machozi pia. Si damu, wala damu haikauki. Huanza muda mfupi baada ya kumeza, na huondoka dawa ikiachwa. Rangi hiyo ni shahidi kwamba dawa imeingia mwilini. Kijana wetu aliposhangilia mkojo kuwa safi, alikuwa akishangilia kuondoka kwa shahidi. Na kwa kuwa tumeulizwa zaidi ya mara moja, twasema: jasho lililogeuka rangi kwa sababu ya dawa ni jasho tu, ni tohara, na kanzu iliyopata doa lake yafaa kusaliwa. Mgonjwa asiache sala kwa ajili ya doa.

Fungu la pili ni maudhi yanayosumbua, ambayo yana tiba yake bila kuacha dawa. Kichefuchefu ni katika hayo. Dawa hizi hunywewa vizuri tumbo likiwa tupu, lakini anayechafukwa huruhusiwa kuzinywa na chakula kidogo, kama uji mwepesi, au kuzinywa usiku kabla ya kulala. Naye amwulize mhudumu wake lipi limfaalo. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, asirudie kwa shauri lake, bali aulize. Maumivu ya viungo mara nyingi hutokana na pirazinamidi, nayo yana dawa ya kutuliza. Kufa ganzi, au kuchomachoma kwa nyayo na vidole, hutokana na isoniazidi, na huzuiwa au hutibiwa kwa vitamini B6. Tazameni, basi: mambo haya yote yana dawa, lakini hakuna hata moja litakalotibiwa kama mgonjwa amenyamaza.

Fungu la tatu ni maudhi ya hatari. Macho au ngozi kuwa ya manjano. Mkojo mweusi kama chai kali isiyo na maziwa, ambao si ile rangi ya machungwa tuliyoitaja. Kutapika kusikokoma, pamoja na maumivu ya tumbo upande wa kulia chini ya mbavu. Hizo ni dalili za ini kudhurika. Kadhalika upele ulioenea mwilini, malengelenge, vidonda vya mdomoni, kuvimba uso au kushindwa kupumua. Kadhalika macho kuingia kiwi, au mtu kushindwa kupambanua nyekundu na kijani. Kadhalika kuchanganyikiwa akili, degedege, au kutokwa na madoa ya damu chini ya ngozi. Akionekana mwenye moja ya haya, asimeze kipimo kinachofuata mpaka aonwe, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, ijapokuwa ni Ijumaa, ijapokuwa mvua yanyesha. Huko watatazama dawa ipi ndiyo yenye kosa, na mara nyingi hurudisha nyingine moja moja kwa hadhari. Wala asizianze tena mwenyewe nyumbani.

Na yako mambo ambayo mgonjwa hana budi kuyataja tangu siku ya kwanza: kama aliwahi kuugua manjano, kama anatumia dawa za kisukari, za kifafa au za kupunguza makali ya VVU, kama ni mjamzito. Rifampisini hupunguza nguvu ya dawa nyingine, vikiwamo vidonge vya kupanga uzazi. Na anayekunywa mizizi au majani ya kienyeji naye aseme, maana yapo yanayolidhuru ini pamoja na dawa.

Kadhalika kuruka ruka siku ni hatari. Anayekunywa leo, akaacha siku kadha wa kadha, kisha akarudi, mwili waweza kuipokea rifampisini kama adui, akashikwa na homa na baridi, na kwa nadra hata figo zikadhurika. Basi anayedhani kwamba ajipumzisha, ajiletea maudhi zaidi.

Tuseme sasa juu ya dini yetu, maana hapo ndipo kosa letu lilipokuwa.

Mwenyezi Mungu, katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, amempa mgonjwa ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani na kuzilipa siku hizo baadaye, na akatubainishia kwamba atutakia wepesi wala hatutakii uzito. Ruhusa hiyo ni sadaka kutoka kwake, na sadaka ya Mola hairudishwi. Mgonjwa aliye dhaifu, anayetapika, anayeanza dawa, na afungue bila kuona haya, na siku zake azilipe akipona. Aliyepata nguvu akatamani kufunga, na amwulize tabibu wake kwanza kama yamfaa, na kama vidonge vyaweza kunywewa usiku. Lakini kufunga kwa kuacha dawa si katika uchamungu. Mwili ni amana, na mwenye amana haipotezi kwa kutafuta sifa za watu. Nasi walimu tuache kuwasifu wagonjwa kwa kufunga mpaka tujue wamefungaje.

Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Na kimepokewa kisa cha mtu aliyemjia akilalamika kwamba ndugu yake yamwendesha tumbo. Akamwamuru amnyweshe asali. Akamnywesha, akarudi akasema tumbo limezidi. Akamwamuru amnyweshe tena, na tena, mpaka yule mgonjwa akapona. Wanavyuoni wamechukua mafunzo mengi humo. Sisi twachukua mawili yaliyo wazi: kwamba dawa hukusudiwa kufikia kiasi chake, wala haihukumiwi kwa siku yake ya kwanza, na kwamba yule ndugu, alipoona mambo yamezidi, hakwenda kwa majirani, bali alirudi kwa yule aliyemwelekeza dawa, akamweleza hali ilivyo. Hiyo ndiyo adabu ya kujitibu.

Watu hutujia pia kutaka kombe. Hatumkatazi mtu kuombewa dua na kusomewa Qurani, maana maneno ya Mola ni shifaa, na moyo wa mgonjwa hutulia. Lakini tangu kisa kile, hatumsomei mgonjwa wa kifua mpaka atuonyeshe kadi yake ya hospitali. Tukiona siku zimerukwa, twamwambia: "Nenda kwanza ukaseme, kisha rudi tukuombee." Dua na kidonge havishindani. Anayemwambia mgonjwa achague kimoja amemdhulumu katika vyote viwili.

Na nyumba nayo ina wajibu wake. Kifua kikuu huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa. Hakienei kwa sahani wala kikombe. Basi wale wanaomtengea mgonjwa sahani yake na kumlisha peke yake ukumbini wamemwongezea maradhi ya moyo bila kujikinga na lolote. Kinga ni kufungua madirisha, mgonjwa kujiziba mdomo akikohoa, kulala peke yake wiki za mwanzo, na kwenda wote wa nyumbani kupimwa, watoto wadogo kwanza, maana iko dawa ya kuwakinga. Si uchawi, wala si laana ya ukoo. Na matibabu yake katika vituo vya serikali ni bure, hivyo umaskini usiwe udhuru. Ingawa nauli na chakula ni mzigo, na hapo jamaa wa msikiti wana mlango mkubwa wa thawabu. Ndizi, samaki na wali wa Kyela vikimfikia mgonjwa kwa wakati, vidonge humkalia vizuri zaidi.

Wengine watasema: "Sisi hatuna kifua kikuu, yatuhusu nini?" Yawahusu, maana ni nyumba chache zisizopata kupewa antibiotiki. Amoksilini yaweza kumharisha mtoto. Metronidazoli huacha ladha ya chuma kinywani. Doksisaiklini yataka maji mengi na mtu asilale mara baada ya kuimeza, tena humfanya achomwe na jua upesi, jambo ambalo mpalilia mpunga alikumbuke. Wala isinywewe pamoja na maziwa. Kanuni ni ile ile: yaliyo mepesi yaulizwe, yaliyo hatari, kama upele, kuvimba uso, kukosa pumzi au kuhara damu, yakimbizwe hospitali. Na vidonge vilivyobaki asigawiwe jirani, hata kama kikohozi chake chafanana na chako.

Wasomaji wetu watataka kujua mwisho wa yule kijana. Makohozi yake yalipimwa kwa mashine itambuayo usugu, na kwa fadhila ya Mwenyezi Mungu vijidudu vyake vilikuwa bado vyaitii dawa. Akaanza upya tangu kidonge cha kwanza, na yeye mwenyewe akamchagua mama yake awe msimamizi. Alimaliza mwishoni mwa mwaka 2024. Dada yake naye alipona, sasa yuasoma alifu na be katika chuo chetu. Lakini pafu moja la kijana lilikwisha kuharibika, na hawezi kuvuta nyavu pamoja na wenziwe. Apanda ngazi moja akahema kama mzee. Jambo hilo halikuletwa na dawa. Lililetwa na kunyamaza, na katika kunyamaza kule sisi tulikuwa na fungu letu.

Ama yule mama wa Alasiri, asubuhi ya pili tulikwenda naye pamoja na mwanawe. Mhudumu aliwatazama macho, akauliza habari za mkojo na tumbo, akasema rangi ile haina neno, akamwelekeza kijana anywe vidonge usiku baada ya kula kidogo, akampa na dawa ya viungo. Shughuli yote haikufika nusu saa. Tulipokuwa tukirudi mama alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Maalim, mambo ni haya tu? Na mimi nilikuwa nimekwisha kuvifunga vidonge kwenye karatasi nivitupe mtoni."

Basi, enyi wazazi, enyi vijana, na enyi walimu wenzetu, usiku wa leo mwulizeni mgonjwa wenu swali lile la muuguzi: Dawa yakufanyaje? Kisha mngojeni ajibu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atusamehe tuliyoyasema bila ya kuyajua. Wabillahi tawfiq.